Mwaliko wa usaili umekuja na mapengo: namna ya kuulizia kabla siku haijafika

“Ndugu mwombaji, unaarifiwa kuwa umechaguliwa kufanyiwa usaili wa nafasi ya Msaidizi wa Mhasibu siku ya Alhamisi tarehe 12, saa 3:00. Tafadhali fika ofisini kwetu ukiwa na vyeti vyote. Karibu.”

Mialiko ya namna hii nimeandika mingi. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kupanga usaili: kukusanya majina, kutafuta chumba, kuwabembeleza wasaili wakubaliane siku, kisha kutuma barua. Isome tena hiyo hapo juu, taratibu. Mwezi hautajwi. Saa 3:00 haijulikani ni asubuhi au alasiri. “Ofisini kwetu” ni wapi, ikiwa ofisi ziko mbili? Vyeti ni halisi au nakala? Na chini hakuna jina wala namba ya mtu wa kumpigia.

Anayeipokea hufurahi kwanza, kisha huingiwa na hofu. Nikiuliza, wataniona msumbufu? Wataona sielewi hata barua fupi? Wengi hunyamaza wakitumaini mambo yatajipa. Naomba wewe usinyamaze. Nakumbuka mwombaji mmoja aliyeniandikia mistari minne kuuliza kama usaili uko jengo la zamani au jipya. Nilipofungua barua niliyotuma nikakuta nimenakili ya mwaka uliotangulia, na anwani ilikuwa ya zamani. Watu tisa walikuwa nayo. Wanane hawakuwa wameuliza. Niliwapigia wote jioni ile, mmoja baada ya mwingine, na yule aliyeuliza nilimshukuru kwa dhati, maana alituokoa sote.

Mapengo huletwa na mambo ya kawaida kabisa. Barua inanakiliwa kutoka ya zamani. Chumba hakijathibitishwa wakati barua inatoka. Kiungo cha mkutano wa video kinatengenezwa na mtu wa kitengo kingine. Mwaliko wa kalenda unatumwa peke yake na barua peke yake, kimoja kikipotea njiani mtumaji hana habari. Usitafute ishara ndani yake kwamba hawakutaki. Wamekuita.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli hakipo

Kabla hujamwandikia mtu, tafuta. Kuulizia kitu ambacho kiko aya ya tatu ya barua yao wenyewe ndiko kunakochosha, na hapo ndipo maswali mazuri huharibika.

Soma barua mpaka mstari wa mwisho kabisa, pamoja na kile kinachofuata baada ya jina la mtumaji, kwa kuwa anwani na namba za simu mara nyingi hukaa huko kwa herufi ndogo. Fungua viambatisho vyote. Ukiona faili linaloishia na .ics, hilo ni la kalenda. Lifungue, kwani saa, mahali na kiungo huenda viko humo hata kama barua haikuvitaja. Kama unasomea kwenye simu, bonyeza sehemu inayofungua ujumbe mzima, kwa sababu programu nyingi hukata barua ndefu na kuficha zile za awali.

Kisha pekua folda ya barua taka (spam). Gmail hufuta yenyewe vilivyomo humo baada ya siku 30, basi usingoje. Angalia pia sehemu ya matangazo, na kama una anwani mbili, kumbuka ni ipi uliyoiandika kwenye wasifu wako. Kama uliomba kupitia tovuti ya ajira, ingia kwenye akaunti yako huko: kuna waajiri wanaoweka maelekezo ndani ya akaunti na kutuma taarifa fupi tu nje. Pitia ujumbe mfupi wa simu na simu ambazo hukupokea.

Dakika 20 zinatosha kwa yote hayo.

Hatua ya 2: Andika kinachokosekana, kisha tenga mafungu

Chukua karatasi. Fungu la kwanza liwe la mambo ambayo bila hayo huwezi kuhudhuria kabisa: tarehe kamili, saa, mahali, au kama ni kwa video, kiungo cha kuingilia. La pili ni yale ambayo utahudhuria bila kuyajua, ila utafika hujajiandaa: kama kuna mtihani wa kuandika au wa vitendo, usaili utachukua muda gani, watakaokusaili ni wangapi na wa idara gani, uje na nyaraka zipi, utafanyika kwa lugha gani. La tatu ni ya kutaka kujua tu, kama vile lini majibu yatatoka au mshahara ni kiasi gani.

Uliza la kwanza lote. Kutoka la pili chagua mawili au matatu ambayo jibu lake litabadilisha unavyojiandaa. La tatu liache; lina wakati wake, nao ni mwisho wa usaili wenyewe.

Saa inahitaji uangalifu wa pekee kwetu tunaozungumza Kiswahili. “3:00” ndani ya barua inaweza kuwa saa tatu asubuhi, yaani 09:00, kama aliyeandika anahesabu saa kwa Kiswahili. Inaweza pia kuwa 15:00, yaani saa tisa alasiri, kama amefuata saa za kimataifa na akasahau kuonyesha kwamba ni mchana. Hizo ni saa sita za tofauti kati ya mtu na kazi yake. Dawa yake ni kutaja saa kwa namna zote mbili kila unapoandika: “saa tatu asubuhi (09:00)”. Ukifanya hivyo hakuna anayeweza kukuelewa vibaya.

Tarehe nayo ina mtego wake. 4/5 kwa wengi ni tarehe 4 mwezi wa tano, lakini kwa Mmarekani ni tarehe 5 mwezi wa nne. Na siku ikitajwa pamoja na tarehe, fungua kalenda uone kama zinaoana. Barua ikisema Alhamisi tarehe 12 na kalenda ikasema tarehe 12 ni Ijumaa, umepata swali la lazima, na ni swali ambalo mwajiri atafurahi umeliuliza.

Hatua ya 3: Jua unayemuuliza ni mwajiri kweli

Hatua hii watu huiruka kwa sababu ya furaha, na matapeli wanaijua furaha hiyo. Mwaliko wenye mapengo unaweza kuwa wa mwajiri mwenye haraka, na unaweza pia kuwa wa mtu asiye na ofisi ya kukuelekeza.

Tazama anwani ya barua pepe, sehemu inayofuata alama ya @. Ilinganishe herufi kwa herufi na tovuti rasmi ya mwajiri, uliyoifungua mwenyewe bila kupitia kiungo kilichomo kwenye barua. Herufi moja ikizidi au kupungua, simama. Namba ya simu ya kuulizia ichukue kwenye tovuti hiyo hiyo.

Ukiulizia mahali, jibu likawa “tuma kwanza ada ya usaili” au “lipia fomu ndipo tukupe anwani”, achana nao. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, katika ibara ya 7 unaweka kanuni kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada, moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma, isipokuwa pale ambapo serikali imeruhusu kwa aina fulani za wafanyakazi au huduma. Mwajiri anayekuita mwenyewe ana sababu ndogo zaidi ya kukudai. Nakala ya kitambulisho, namba za benki na nywila hazihitajiki ili kukuelekeza chumba kilipo.

Hatua ya 4: Muulize mtu mmoja, mara moja, kwa yote

Mjibu aliyekualika, kwenye barua ileile, ili mazungumzo yabaki pamoja na asihangaike kutafuta wewe ni nani. Kama wapo wengine waliowekwa kwenye nakala, tumia jibu la kwa wote, kwa kuwa mara nyingi anayejua jibu ni mmoja wao. Barua ikitoka kwenye anwani isiyopokea majibu, tafuta ndani yake jina la mratibu. Usipolipata, tumia anwani ya idara ya rasilimali watu iliyo kwenye tovuti. Ukiwa umeunganishwa na wakala wa ajira, muulize wakala. Ukimruka ukaenda kwa mwajiri moja kwa moja unawavuruga wote wawili.

Kuwatafuta wasaili kwenye kurasa zao binafsi za mitandao ya kijamii sikushauri hata kidogo. Msaili anatakiwa akutane nawe kwenye chumba cha usaili, pamoja na wenzake.

Muhimu kuliko yote ni maswali yako yote yaende kwa pamoja. Niliwahi kupokea kutoka kwa mtu mmoja barua tano kwa siku moja, kila moja ikiwa na swali lake dogo. Kila swali lilikuwa halali. Lakini mratibu mwenye waombaji 12 na kazi nyingine pembeni hujibu ya kwanza, hupitwa na ya tatu, na swali lako la maana likiwa ndilo hilo la tatu, limepotea.

Huu hapa ujumbe kwa ule mwaliko wa mwanzo:

Kichwa: Usaili wa Msaidizi wa Mhasibu, Alhamisi tarehe 12: naomba uthibitisho wa mambo matatu

Habari za asubuhi,

Nashukuru kwa kunialika kwenye usaili wa nafasi ya Msaidizi wa Mhasibu. Nathibitisha kuwa nitahudhuria.

Ili nifike kwa wakati nikiwa nimekamilika, naomba kuthibitishiwa yafuatayo:

1. Saa: je, ni saa tatu asubuhi (09:00) ya Alhamisi tarehe 12 mwezi huu?
2. Mahali: tovuti yenu inaonyesha ofisi mbili. Je, nifike makao makuu au tawini?
3. Vyeti: je, nije na vyeti halisi pamoja na nakala, au nakala zinatosha?

Napatikana kwa simu namba (andika yako) muda wote wa kazi.

Wasalaam,
(jina lako kamili, kama lilivyo kwenye maombi)

Tazama ulivyo. Uthibitisho wa kuhudhuria umetangulia, kwa hiyo anayesoma anajua hapo hapo kwamba hujajitoa. Kila swali limebeba jibu linalowezekana, na mratibu anaweza kuandika “1. Ndiyo. 2. Makao makuu. 3. Vyote viwili” akiwa amesimama kwenye ngazi. Swali la pili linaonyesha kwamba umeshatafuta. Hakuna “samahani kwa usumbufu” tatu, wala lawama ya “hamkuniambia”. Jina ni lile la kwenye maombi. Ukitumia jina la nyumbani wakati vyeti vinasema jingine, atatafuta asikuone.

Kama una ulemavu au hali ya kiafya inayohitaji mpangilio fulani, hapa ndipo pa kusema, na useme waziwazi unachohitaji: “Natumia kiti cha magurudumu, naomba chumba kiwe cha chini au chenye lifti”, au “Nahitaji mkalimani wa lugha ya alama”. Hulazimiki kueleza historia ya ugonjwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika ibara ya 27 unazungumzia haki ya kazi, ikiwemo kuanzia hatua za kuajiri, na kufanyiwa marekebisho yanayofaa. Ukisema mapema unampa mratibu nafasi ya kubadilisha chumba. Ukiwaambia mlangoni, nia njema yao yote haitajenga lifti.

Hatua ya 5: Pima muda wa kusubiri

Tuma ndani ya siku moja tangu upokee mwaliko. Baada ya hapo kusubiri kunategemea umebakiza siku ngapi.

Ukiwa na wiki nzima au zaidi, wape siku mbili kamili za kazi. Zikiwa zimebaki siku tatu au nne, siku moja inatosha. Usaili ukiwa kesho, ujumbe na simu viende pamoja, ndani ya saa hiyo hiyo. Jumamosi, Jumapili na sikukuu usizihesabu. Barua iliyotumwa Ijumaa jioni haijasomwa mpaka Jumatatu, na ukimkumbusha Jumapili usiku unamkumbusha mtu ambaye hajakosea kitu.

Ukumbusho wa kwanza uwe mfupi, juu ya barua ileile: “Habari za leo. Naomba kukumbushia maswali matatu hapo chini kuhusu usaili wa Alhamisi. Lililo muhimu zaidi kwangu ni mahali. Asante sana.” Kutaja lililo muhimu kunamsaidia mtu mwenye haraka akupe hilo kwanza.

Hatua ya 6: Piga simu

Ukumbusho ukipita kimya, usitume wa pili. Piga. Wakati mzuri ni katikati ya asubuhi, watu wakiwa wameshatulia mezani, na hapo mchana wote unabaki wa kufuatilia. Kaa mahali pa utulivu, barua mbele yako, kalamu mkononi.

“Habari za asubuhi. Naitwa (jina kamili). Nimealikwa kwenye usaili wa Msaidizi wa Mhasibu Alhamisi hii. Niliandika barua pepe juzi kuulizia mahali na bado sijapata jibu. Naomba uniunganishe na anayeratibu usaili huo.”

Wa mapokezi huenda akasema: “Huyo hayupo, utapigiwa.” Wengi hushukuru na kukata simu hapo. Endelea kwa upole:

“Sawa, nashukuru. Samahani, naongea na nani?”

“Unaongea na mapokezi, naitwa (jina).”

“Asante sana, Bi. (jina). Kwa kuwa usaili ni keshokutwa, nisipopigiwa mpaka saa nane mchana, naruhusiwa kupiga tena nikuulizie wewe?”

Sasa una jina, una saa, na una ruhusa ya kupiga tena. Saa nane ikifika bila simu, piga kama ulivyosema. Mara nyingi mtu wa mapokezi anajua zaidi kuliko tunavyodhani, kwa sababu orodha ya wageni wa siku hiyo huletwa kwake. Muulize: “Je, usaili wa idara ya fedha kwa kawaida hufanyikia jengo gani?”

Kumtumia mratibu ujumbe wa WhatsApp ni sawa endapo yeye ndiye alianza kukuandikia huko. Usitume sauti, hawezi kuisikiliza akiwa kikaoni, na hawezi kuirudia haraka akitafuta ulichouliza.

Hatua ya 7: Kwa usaili wa video, uliza zaidi

Hapa mapengo ni mengi na hayaonekani kirahisi. Barua inasema “usaili utafanyika kwa mtandao saa nne” na mtu anaridhika.

Kwanza, kiungo. Kama hakijaja, uliza kitakuja lini na kutoka anwani gani, ili ujue cha kutafuta kwenye folda ya taka. Kama kimekuja, kikague kama ni kizima, kwa sababu viungo vilivyonakiliwa hukatika. Namba ya mkutano wa Zoom huwa na tarakimu 10 au 11, na nyingi hudai nywila pia. Msimbo wa Google Meet una herufi 10 zilizogawanywa tatu, nne, tatu. Ukikuta herufi nane, una kipande cha kiungo. Uliza programu itakayotumika, kisha ijaribu siku moja kabla kwenye kifaa kilekile utakachotumia, si kwenye simu halafu siku ya siku ukakalia kompyuta ngeni.

Pili, saa ni za wapi. Mwajiri akiwa nchi nyingine, swali hili ni la fungu la kwanza. Usikubali herufi tatu peke yake. CST yaweza kuwa saa za kati za Marekani (UTC−6, yaani saa sita nyuma ya UTC, saa ya kulinganishia ya dunia) au saa za China (UTC+8, saa nane mbele yake), tofauti ya saa 14. IST ni ya India (UTC+5:30), na pia hutumika kwa Israeli na Ayalandi. Wamarekani wengi huandika EST (saa za mashariki ya Marekani, UTC−5) mwaka mzima, ilhali majira ya joto saa hizo husogezwa mbele na kuitwa EDT (UTC−4). Mwaliko wa Julai ukisema 10:00 EST, kwa aliye kwenye UTC+3, kama Afrika Mashariki, hiyo ikisomwa kama ilivyoandikwa ni saa kumi na mbili jioni, lakini karibu kila mara mwandishi anamaanisha saa kumi na moja. Uliza kwa kutaja mji: “Je, ni 10:00 kwa saa za New York?” Kisha badilisha mwenyewe na uandike zote mbili kwenye ujumbe wako.

Wiki za hatari zaidi ni za Machi na za mwisho wa Oktoba. Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya hungoja Jumapili ya mwisho ya mwezi huo. Kwa wiki mbili au tatu tofauti ya saa uliyoizoea haiko tena. Oktoba Ulaya hutangulia kurudisha, Jumapili ya mwisho, na Marekani hufuata Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaliko wa kalenda ndio tegemeo bora hapa, kwa kuwa hujibadilisha wenyewe kufuata saa za kifaa chako. Waombe wautume kama hawakutuma, na uhakikishe simu yako imewekewa majira sahihi.

Tatu, omba namba ya dharura: “Mtandao ukikatika katikati, nipige namba gani?” Na uliza kama usaili utapita dakika 40, iwapo wanatumia Zoom, kwa kuwa akaunti za bure hukatwa muda huo ukifika. Mratibu aliyepanga mkutano kwenye akaunti ya bure huenda hakulifikiria.

Hatua ya 8: Wakijibu, rudisha

Jibu likija, andika mstari mmoja wa kurudisha ulichoelewa: “Asante sana. Basi nitafika makao makuu, Alhamisi tarehe 12, saa tatu asubuhi (09:00), nikiwa na vyeti halisi na nakala.” Huu mstari umeokoa watu wengi, kwa sababu mratibu akiona kosa ndani yake atakurekebisha hapo hapo. Kisha weka kwenye kalenda, na nakili anwani na namba ya simu kwenye karatasi. Simu huzima.

Jibu likiwa la nusu, wamejibu saa wakasahau mahali, shukuru kwa lililojibiwa na utaje lililobaki peke yake.

Hatua ya 9: Wakikaa kimya mpaka mwisho

Hutokea. Umeandika, umekumbusha, umepiga, na usaili ni kesho. Sasa chukua maana iliyo salama zaidi na uwajulishe: “Kwa kuwa sijapata maelekezo tofauti, nitafika makao makuu kesho saa tatu asubuhi (09:00) nikiwa na vyeti halisi na nakala. Kama mahali au saa ni tofauti, naomba mnijulishe kwa namba hii.” Sasa ukimya wao unakuwa ni kukubali, na una maandishi.

Maana salama ni ile ambayo ukikosea unaweza kurekebisha. Kati ya asubuhi na alasiri, nenda asubuhi. Wakikwambia ni alasiri utasubiri, lakini ukienda alasiri na usaili ulikuwa asubuhi, umekwisha. Kati ya vyeti na nakala, beba vyote. Kati ya ofisi mbili, anza na makao makuu, mapema ya kutosha kuweza kuelekezwa kwingine na bado ukawahi. Barua ya mwaliko iwe imechapishwa mkononi, mlinzi asije akakuzuia getini kwa kukosa jina lako kwenye orodha.

Siku yenyewe, kwa video, kiungo kikigoma

Ingia dakika 10 kabla. Ukiona maneno kwamba usubiri mwenyeji akuruhusu, uko mahali sahihi. Tulia hapo na usitoke na kuingia. Saa ikifika ukaona bado, ngoja dakika tano. Kisha tuma barua fupi, pamoja na picha ya kioo chako inayoonyesha ujumbe wa kosa na saa: “Habari. Niko kwenye kiungo cha usaili wa saa nne asubuhi (10:00) na bado sijaruhusiwa kuingia. Naendelea kusubiri. Napatikana kwa namba hii.” Dakika 10 zikipita, piga ile namba ya dharura uliyoiomba. Dirisha la mkutano liache wazi nusu saa nzima, kwa sababu jopo linaweza kuwa limechelewa na mtu aliyekutangulia.

Nusu saa ikiisha, andika mara moja zaidi: eleza kwamba ulikuwepo tangu saa fulani hadi saa fulani, kwamba bado unaitaka nafasi hiyo, na utaje nyakati tatu unazoweza ndani ya siku mbili zijazo. Ndipo ufunge dirisha.